Runinga imewashwa tangu alfajiri, mtoto anaongea na nani?

Mama aliingia na mtoto mgongoni, akamshusha, akakaa, na kabla sijamuuliza kilichomleta akasema, "Dokta, nyumbani wanasema nimemharibu mwanangu kwa tivii."

Mtoto ni wa kiume, miaka miwili na miezi minne. Uzito mzuri, kadi ya kliniki imejazwa vizuri, chanjo zote amepata. Alianza kutembea akiwa na mwaka na mwezi mmoja. Tatizo ni kwamba haongei. Ana maneno manne, na mojawapo ni la paka. Akitaka maji ananyoosha kidole kwenye ndoo, anamtazama mama yake usoni, anasubiri.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kuwatembelea kwa wiki mbili. Aliona runinga inawashwa saa 12 asubuhi na kuzimwa saa 4 usiku, akatoa hukumu yake: mtoto hasemi kwa sababu ya katuni. Baba wa mtoto akaunga mkono, ingawa mama huyu alininong'oneza kwamba jioni rimoti haitoki mkononi mwa huyo huyo baba.

Nimeamua kuliandika suala hili wiki hii kwa sababu mwezi haupiti bila mzazi kuniuliza: mtoto mdogo aangalie runinga kwa muda gani? Na mara nyingi anayeuliza ameshalaumiwa na mtu kabla hajafika kwangu.

Jibu la vitabuni ni fupi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, iwe runinga, simu au kishikwambi. Mwenye mwaka mmoja naye vivyo hivyo. Akifikisha miaka miwili, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Kiwango hicho hicho kinaendelea kwa wa miaka mitatu na minne. Madaktari wa watoto wa Marekani walianza kuwashauri wazazi wasiwawekee runinga watoto wa chini ya miaka miwili tangu mwaka 1999, na mwaka 2016 walilegeza jambo moja: kuongea na ndugu kwa simu ya video kunaruhusiwa hata kwa mtoto mchanga, kwa sababu pale upande wa pili kuna mtu anayemjibu. Kwa hiyo bibi aliyeko Moshi akipiga simu ya video, mpeni mtoto amwone bila wasiwasi.

Nilipomweleza mama huyo, alipumua kwa nafuu. "Basi sisi hatujavuka sana, dokta. Yeye anaangalia kama saa mbili tu."

Nikamwomba anisimulie siku yao ilivyo, kuanzia asubuhi. Yeye anatoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri kuwahi daladala, ana meza ya nguo Kariakoo. Anabaki dada wa kazi, ambaye akiamka anawasha runinga ili nyumba ichangamke. Mtoto anakunywa uji mbele ya katuni. Dada anafua, anadeki, anapika. Mchana zinaingia tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili, dada anazifuatilia huku akichambua mchicha. Mtoto anacheza sakafuni. Jioni taarifa ya habari, kisha mpira. Mtoto anasinzia kwenye kochi, anabebwa kitandani, runinga inaendelea.

Saa mbili ni zile ambazo mtoto ametulia mbele ya katuni. Zilizobaki mama hakuzihesabu kwa sababu mtoto "alikuwa haangalii". Nyumba nyingi ninazozifahamu ziko hivi. Runinga imekuwa kama feni, inawashwa kwa kuwa kuna watu ndani.

Kwa mtoto wa umri huu, hizo saa ambazo haangalii nazo zina gharama. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa watoto 329 wa kati ya miezi miwili na miaka minne. Walimvalisha kila mtoto kifaa kidogo cha kurekodi sauti, kwa siku nzima, mara kadhaa. Baadaye kompyuta ikahesabu ni maneno mangapi mtoto aliyasikia kutoka kwa watu wazima waliokuwa karibu naye, na runinga ilisikika kwa muda gani. Kila saa moja ya ziada ambayo runinga ilisikika, maneno ya watu wazima yalipungua kwa takriban 770. Watoto wenyewe pia walitoa sauti chache zaidi.

Fikiria mwenyewe. Ukiwa na mtoto jikoni na hakuna kinachopiga kelele, utaongea naye bila kupanga. "Usiguse hapo, pa moto. Leta kijiko. Hiki nini? Hiki kitunguu. Unalia? Hata mimi kinaniliza." Hakuna anayeliita hilo somo, lakini ndilo somo lenyewe. Tamthilia ikiwaka, masikio ya mkubwa yako kwa Waturuki, na mtoto akisema "ba" anajibiwa kwa "mmh", au hajibiwi.

Uchezaji nao unavurugika. Mwaka 2008 watafiti wengine waliwaweka watoto wa mwaka mmoja, miwili na mitatu kwenye chumba chenye midoli, na runinga ikiwa imewashwa kipindi cha watu wazima kwa nusu ya muda huo. Watoto hawakukitazama kipindi, waligeuza shingo kidogo tu na kurudi kwenye midoli. Lakini kila walipogeuka, mchezo ulikatika. Walishika kitu, wakakiacha, wakashika kingine. Runinga ilipokuwa imezimwa walidumu na mchezo mmoja kwa muda mrefu zaidi. Mtoto anayepanga vifuniko vya chupa kwa dakika kumi anajifunza kuvumilia kazi. Akikatizwa kila baada ya dakika moja, hapati nafasi hiyo.

Wapo wazazi watakaoniambia, "Lakini dokta, wangu amejifunza Kiingereza kwenye katuni." Nawasikia, tena wanasema kwa fahari. Nimewaona watoto wa miaka miwili na nusu wanaotaja rangi kwa Kiingereza na kuhesabu mpaka kumi, ila akishikwa na kiu hana neno la kuomba maji, analia. Kutamka neno ulilolisikia mara mia mbili ni jambo moja, kulitumia kumwambia mtu unachotaka ni jambo lingine.

Kuna jaribio moja ninalolipenda, lilichapishwa mwaka 2003 na Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa ambao kwao hakuna anayeongea Kichina. Kundi moja lilikaa na Wachina halisi waliowasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina, vipindi 12 vya dakika 25 hivi. Kundi jingine likaonyeshwa Wachina hao hao kwenye runinga, kwa muda ule ule. Mwishoni wakapimwa kama wanaweza kutofautisha sauti fulani za Kichina. Waliokaa na mtu waliweza. Walioonyeshwa runinga walikuwa sawa na watoto ambao hawakuwahi kusikia Kichina hata siku moja.

Kwa mtoto wa umri huo, mtu aliyemo kwenye runinga hamwoni anapotazama kikombe, hangoji zamu yake ya kujibu, wala hacheki anapokosea. Hayo ndiyo yanayomfunza.

Akikua kidogo mambo yanabadilika, na nisingependa mtu aondoke akidhani runinga ni sumu. Katuni yetu ya Akili and Me, inayotengenezwa na Ubongo hapa Dar es Salaam, ilifanyiwa utafiti Morogoro kwa watoto wa umri wa chekechea. Walioiangalia walifanya vizuri kuliko wenzao walioonyeshwa kipindi kingine, katika mambo kama kuhesabu na kutambua namba. Mtoto wa miaka minne akiangalia nusu saa ya kipindi kilichotengenezwa kwa ajili yake, na mkubwa yuko pembeni akimuuliza "huyo anafanya nini?", sina neno. Ninayemzungumzia leo ni yule wa miezi minane, wa mwaka mmoja, wa mwaka na nusu, anayewekwa kwenye mkeka mbele ya runinga kwa sababu akiiona ananyamaza.

Na ninajua kwa nini anawekwa. Mama yuko peke yake, mkaa umewaka, nje kuna mtaro ulio wazi na bodaboda zinapita bila kuangalia. Chumba ni kimoja. Mtoto akitulia mbele ya katuni kwa nusu saa, ugali unaiva na hakuna aliyeungua. Anayemlaumu mama huyo aende akamshikie mtoto. Ndiyo maana hata tafiti hizi huzisoma kwa tahadhari: nyumba ambazo runinga inawaka sana mara nyingi ndizo ambazo wazazi wamechoka sana na msaada ni mdogo, na si rahisi kutenganisha kipi kimesababisha nini. Ila hili la maneno kupungua halihitaji mtaalamu. Kaa sebuleni kwako jioni moja usikilize.

Sasa chakula, maana hapa ndipo vita vilipo. "Hali mpaka awekewe katuni" ni sentensi ninayoisikia karibu kila siku ya kliniki. Inaanza hivi: mtoto wa miezi tisa anakataa uji, mama anaogopa uzito utashuka na nesi atagomba, anaweka katuni, mtoto anaduwaa, mdomo unafunguka, kijiko kinaingia. Bakuli linaisha. Kesho inarudiwa, na baada ya mwezi hakuna njia nyingine.

Mtoto anayelishwa akiwa ameduwaa hajui anakula nini wala ameshiba lini. Tumbo linampa taarifa na yeye hayupo kuipokea. Wengine wananenepa kupita kiasi. Wengine, siku umeme ukikatika, wanagoma kabisa, na hapo mama analia kuliko mtoto. Ninachowashauri ni kumweka ale pamoja na wengine, kwenye sinia au mezani, na kipande chake mkononi hata kama atajipaka. Mpe muda kama wa nusu saa, kisha ondoa chakula bila ugomvi, bila kumkimbiza na kijiko na bila kumpa biskuti baada ya dakika kumi. Siku tatu nne za mwanzo atakula kidogo. Mtoto mzima wa afya hawezi kujiua kwa njaa mbele ya chakula. Lakini kama uzito wake uko chini ya mstari kwenye kadi, au anaumwa, usianze zoezi hili peke yako, njoo kliniki kwanza.

Usingizi nitaupitia haraka. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Anayelala kwenye kochi mpira ukiendelea hazifikishi, na asubuhi ndiye yule anayelia bila sababu. Zima skrini saa moja kabla ya muda wake wa kulala.

Nimrudie yule mama, kwa sababu kuna kitu alikisema katikati ya maongezi kama jambo dogo. Alisema, "Anaipenda hiyo tivii mpaka anaisogelea, anataka kuigusa kwa pua. Na ukipunguza sauti anakasirika."

Hapo niliweka kalamu chini. Nikamuuliza kama anakoroma. Anakoroma, na analala mdomo wazi. Mafua? "Hayamwishi, dokta." Ukimwita akiwa amekupa mgongo? Akafikiri. "Wakati mwingine anageuka, wakati mwingine hageuki. Tunasema ana kiburi kama babu yake."

Mtoto anayekaa kwenye runinga kwa karibu mno na kutaka sauti kubwa anaweza kuwa anapenda katuni. Anaweza pia kuwa hasikii vizuri. Nilimpeleka kwa wataalamu wa masikio, pua na koo, na kipimo kilionyesha majimaji mazito nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, pamoja na nyama za puani zilizovimba. Alikuwa anasikia, ila kama mtu aliye chini ya maji. Kwa mtoto anayejifunza kuongea, hiyo inatosha kumchelewesha.

Hili ndilo linalonitia hofu katika mjadala wa runinga. Siku hizi kila mtoto anayechelewa kuongea ana jibu tayari mtaani: zima tivii, mpeleke shule mapema, ataongea tu. Wazazi wanazima, wanasubiri miezi sita, mwaka, na tatizo halisi linakua. Wapo watoto wenye matatizo ya kusikia, na kadiri wanavyogundulika mapema ndivyo wanavyosaidika. Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusaidia kusikia tangu mwaka 2017, na watoto wadogo ndio wanaofaidika zaidi. Wapo pia wenye usonji. Hakuna ushahidi kwamba runinga ndiyo inayosababisha usonji, na mama wa mtoto mwenye usonji ana mzigo wa kutosha bila kubebeshwa na huo.

Kwa hiyo zima runinga, lakini usiishie hapo. Mlete mtoto apimwe kama akifikisha mwaka mmoja hatoi sauti za kuchezea kama "ba-ba-ba" wala hanyooshi kidole wala kupunga mkono. Mlete kama kwa mwaka na nusu hana neno hata moja, au kwa miaka miwili haunganishi mawili, kama "mama njoo" au "taka maji". Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, aje wiki hiyo hiyo. Chanjo ya surua na rubela ya miezi 18 ni nafasi nzuri. Wazazi wengi wanaichukua, wanasaini na kuondoka mbio. Siku hiyo muulize nesi kuhusu kuongea, hata kama yeye hajakuuliza. Akikwambia "wavulana huchelewa" bila kumwangalia mtoto, omba kumwona daktari.

Tulipokuwa tukisubiri majibu ya masikio, tulipanga na yule mama jinsi ya kupunguza runinga. Hatukuanza na katuni, tulianza na zile saa ambazo hakuna anayeangalia. Runinga isiwashwe kabla ya saa 10 jioni, na wakati wa kula iwe imezimwa. Aliogopa dada wa kazi ataondoka. Nikamshauri asimpe amri, amweleze. Dada anakaa na mtoto saa 12 kwa siku akiwa na kazi za nyumba nzima, na hiyo tamthilia ndiyo mapumziko yake pekee. Walikubaliana kwamba aiangalie mtoto akilala mchana, na kwamba nguo zifuliwe asubuhi uani, mtoto akiwa na beseni lake dogo, maji kidogo na kitambaa. (Beseni liwe mbele ya macho yake wakati wote, na limwagwe wakimaliza. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja.) Jikoni alipewa vifuniko vya plastiki, mwiko wa zamani na kikapu. Maharage na karanga asipewe kuchezea, hizo huwa tunazitoa puani na masikioni, na zikiingia kwenye njia ya hewa ni hatari ya kufa.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Sikio moja lilikuwa limekauka, la pili bado lina majimaji kidogo, wataalamu wanaendelea kulifuatilia. Siku tano za mwanzo, alisema, mtoto alilia akiionyesha runinga, na siku ya pili mama aliiwasha kwa nusu saa kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma. Siku ya sita mtoto hakuiulizia. Maneno hakuwa ameyahesabu, lakini tulipojaribu pamoja tulifika 31 kabla hatujaacha. Alikuwa anasema "dada njoo" na "maji imemwagika", na hiyo ya pili, kwa maelezo ya mama yake, anaisema baada ya kuyamwaga mwenyewe.

Mwanangu nyumbani anahesabu maneno ya wenzake na yangu pia, kwa hiyo nilimuuliza mama huyo kilichobaki kigumu. Akacheka. Katuni zimekwisha, tamthilia ina saa yake. Ambaye hajakubali mpaka leo ni baba, anayesema taarifa ya habari haiwezi kuhesabiwa. Wamekubaliana aisikilize kwenye simu, kwa spika za masikioni, mpaka mtoto alale.